Siku nane na maandishi ya Wakorea: kutoka Ganghwa hadi mto Imjin

Alhamisi, 3 Oktoba 2024. Ganghwa

Basi la kutoka Seoul limejaa tangu asubuhi. Leo ni sikukuu ya Gaecheonjeol, siku ya kufunguka kwa mbingu, na watu wanakwenda kisiwani na watoto wao na vyakula vyao. Nimebakiza wiki tatu nirudi Tanzania. Miaka miwili nimesoma katika nchi hii, na historia ya wenyeji wangu nimeijua kwa vipande tu: uso wa mfalme kwenye noti, sanamu ya jemadari barabarani, jina la tarehe kwenye kalenda. Nimejipa siku nane za kuviunga vipande hivyo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, basi nitafuata jambo ninaloweza kulielewa: watu hawa waliandika nini, na maandishi yao yalipatwa na nini.

Naanzia mahali pasipo na herufi hata moja. Huko Bugeun-ri limelazwa jiwe bapa la makumi ya tani juu ya mawe mawili yaliyosimama. Ni kaburi la Zama za Shaba. Peninsula hii ina makaburi ya namna hiyo makumi ya maelfu, na yale ya Ganghwa, Gochang na Hwasun yaliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000. Nimelizunguka jiwe mara tatu. Waliolivuta walikuwa wengi, walikuwa na mkubwa waliyemtii, na hakuna aliyetuachia jina lake.

Dada anayenisindikiza alisoma Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Hankuk, ambako lugha yetu inafundishwa tangu miaka ya 1980. Ananiita Mwalimu. Tulipokaa kwenye nyasi kula, akasema, "Paukwa!" Nikamjibu, "Pakawa!" Akanisimulia kwa Kiswahili chake kizuri habari za Hwanung, mwana wa Mfalme wa Mbinguni, aliyeshuka mlimani kuwatawala watu. Dubu na simbamarara wakamwomba awafanye binadamu. Akawapa vitunguu saumu na pakanga, akawaambia wakae pangoni siku 100 bila kuona jua. Simbamarara alishindwa akatoka mbio. Dubu alivumilia, na siku ya 21 akawa mwanamke. Mwanawe ndiye Dangun, aliyeanzisha Gojoseon mwaka 2333 KK. Hapa Ganghwa, juu ya mlima Mani, ipo madhabahu inayosemekana ni ya Dangun, na kila mwaka siku kama ya leo hufanyika ibada.

Mwaka huo siuchukui kama historia, kama nisivyochukua kama historia kwamba kisiwa cha Kilwa kilinunuliwa kwa nguo za kukizunguka chote. Gojoseon yenyewe ilikuwapo, na dola ya Han ya China iliiangusha mwaka 108 KK. Linalonigusa ni wakati hadithi ilipoandikwa. Ni mtawa Iryeon aliyeiandika, katika karne ya 13, nchi ikiwa imekanyagwa na Wamongolia. Watu walioshindwa vitani waliketi wakaandika walikotoka.

Na kisiwa hiki kiliwahifadhi wakati huo. Mwaka 1232 mfalme wa Goryeo, dola iliyotawala Korea wakati ule, alihamishia makao yake hapa, kwa kuwa wapanda farasi wa Kimongolia hawakuwa watu wa bahari, na makao hayo yalibaki hapa hadi 1270. Karne sita baadaye, mwaka 1866, Wafaransa walishuka na manowari zao, wakachoma maktaba ya kifalme na kuondoka na vitabu karibu 300 vya taratibu za sherehe za ikulu. Vilirudi Korea mwaka 2011. Miaka 145!

Ijumaa, 4 Oktoba. Gyeongju

Treni ya mwendokasi imetufikisha kwa saa mbili na kidogo. Njiani nilikuwa nikifikiri juu ya reli yetu ya SGR iliyoanza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka huu huu, kwa vichwa vya umeme vilivyotengenezwa na Hyundai Rotem, kampuni ya hapa hapa.

Katikati ya mji wa Gyeongju kuna vilima vya nyasi, laini, vya mviringo, na watoto wa shule wanapita katikati yake. Ndani ya kila kilima amelala mtu wa ufalme wa Silla. Kulikuwa na falme tatu: Goguryeo kaskazini hadi ndani ya Manchuria, Baekje upande wa magharibi, na Silla huku kusini mashariki. Silla ilishirikiana na dola ya Tang ya China ikaiangusha Baekje mwaka 660 na Goguryeo mwaka 668, kisha ikapigana na Tang yenyewe hadi ikaisukuma nje mwaka 676. Dada hajaisamehe Silla kwa kumwita jirani mwenye nguvu kuja kumpiga ndugu. Kaskazini masalia ya Goguryeo yaliinuka tena mwaka 698 kwa jina la Balhae, hadi 926.

Jumba la makumbusho lina taji za dhahabu, na watu wamezibana kama nyuki. Mimi nilisimama mbele ya jiwe dogo lenye urefu wa kama rula ya shuleni, lililookotwa karibu na mji huu mwaka 1934. Vijana wawili wa Silla waliandika kiapo: kwa miaka mitatu watashika uaminifu, hawatakosea, na watasoma vitabu vya kale. Wanazuoni wengi wanakiweka katika mwaka 552 au 612. Herufi ni za Kichina zote, lakini mpangilio wa maneno si wa Kichina, ni wa Kikorea. Kitenzi kimekwenda mwisho, kama wanavyosema hapa hadi leo.

Nimekaa mbele ya jiwe hilo karibu saa nzima. Wazee wetu wa Lamu na Pate walichukua herufi za Kiarabu wakazilazimisha zibebe sauti za Kiswahili, p na ch na ng', sauti ambazo Mwarabu hakuziwekea herufi. Najua ugumu uliomo humo. Vijana hawa wawili walikuwa na lugha yao kinywani na herufi za mtu mwingine mkononi, na hawakukubali kuiacha lugha nje ya jiwe.

Jumamosi, 5 Oktoba. Haeinsa

Basi hadi Daegu, kisha jingine linalopanda mlima Gaya kwa kona nyingi. Haeinsa ni hekalu la Kibudha lililojificha msituni. Majani bado ni ya kijani. Juu kabisa, nyuma ya ukumbi mkuu, yapo maghala mawili marefu ya mbao yasiyo na rangi wala urembo. Ndani yake kuna mbao za kuchapia 81,258, kila moja imechongwa pande zote mbili, na herufi zake kwa jumla ni zaidi ya milioni 52. Ni maandiko yote ya Kibudha yaliyojulikana kwao wakati ule.

Hii ni seti ya pili. Ya kwanza ilichomwa na Wamongolia mwaka 1232. Mfalme akiwa amejificha Ganghwa, kwenye kisiwa kile tulichotoka juzi, Goryeo iliamua kuchonga upya, na kazi hiyo ilichukua sehemu kubwa ya miaka ya 1230 na 1240. Nimewahi kuwasikia watu wakiuliza kwa nini nguvu hiyo haikwenda kwenye mikuki. Waliamini Buddha angewakinga, na imani hiyo naiheshimu. Goryeo ilishindwa, ikawa chini ya Wamongolia, lakini mbao zipo.

Huruhusiwi kuingia hivi hivi. Unachungulia kupitia fito za madirisha, na harufu ya mbao kavu inakujia usoni. Madirisha yenyewe ndiyo ufundi wa mahali hapa. Upande wa mbele yale ya chini ni makubwa na ya juu ni madogo. Upande wa nyuma ni kinyume chake. Hewa inaingia, inazunguka rafu zote, inatoka. Sakafu ilijazwa mkaa, chumvi na chokaa ili ivute unyevu wakati wa mvua na kuurudisha wakati wa ukavu. Ghala hilo ni la karne ya 15, na hakuna mtambo wowote unaoendesha hewa humo.

Kuna jiwe la kumkumbuka rubani Kim Young-hwan. Mwaka 1951, katika Vita vya Korea, wapiganaji wa upande wa Kaskazini walikuwa wamejificha kwenye milima hii, naye akaamriwa kulipiga eneo la hekalu kwa mabomu. Alikataa.

Nitataja jambo moja kabla ya kulala, kwa kuwa njia yetu haipiti Cheongju: ni Goryeo hiyo hiyo iliyochapa huko kitabu kwa herufi za metali mwaka 1377, miongo kadhaa kabla ya Gutenberg wa Ujerumani. Nakala iliyosalia iko maktaba ya taifa ya Ufaransa. Na jina Korea tunalowaitia sisi wageni linatokana na Goryeo.

Jumapili, 6 Oktoba. Busan

Asubuhi tulipita makaburi ya Umoja wa Mataifa, ya waliokufa katika Vita vya Korea. Wapo marubani wa Afrika Kusini waliozikwa hapo. Wahabeshi wa kikosi cha Kagnew, waliotumwa na Mfalme Haile Selassie, walirudishwa kwao kuzikwa. Kumbukumbu yao iko Chuncheon. Nimesimama kidogo nikaomba dua.

Halafu tukaenda Yeongdo, nyumbani kwa bibi wa dada. Wenyewe wanasema halmoni. Ana miaka 84. Nilimwinamia nikamwamkia kwa Kikorea, na moyoni nilikuwa nasema shikamoo. Alinishika mkono akauangalia, akasema nimekonda, akaanza kupakua wali na samaki kabla sijakaa vizuri. Bibi ni bibi.

Alizaliwa Hamhung, Kaskazini. Alipokuwa na miaka mitano ukoloni wa Kijapani ulikwisha, Agosti 1945. Siku zile zile, huko Washington, maofisa wawili wa Kimarekani, Dean Rusk na Charles Bonesteel, walichukua ramani usiku wakakata nchi kwenye latitudo ya 38: Wasovieti wapokee silaha za Wajapani kaskazini, Wamarekani kusini. Hakuna Mkorea aliyeulizwa. Sisi tunaotoka bara lililogawanywa kwa ramani tunalijua jambo hilo bila kufafanuliwa. Mwaka 1948 zikawa dola mbili, na tarehe 25 Juni 1950 jeshi la Kaskazini likavuka.

Desemba ya mwaka huo, China ilipoingia vitani, majeshi ya Umoja wa Mataifa, yaliyopigana upande wa Kusini, yalikimbilia bandari ya Hungnam karibu na Hamhung, na raia karibu 100,000 wakachukuliwa kwa meli. Meli moja, Meredith Victory, ilibeba watu 14,000 na watoto watano wakazaliwa humo. Halmoni hakumbuki jina la meli yake. Anakumbuka baridi na kelele, na kaka yake akimwambia amshike mama kwenye vazi lake asiachie, yeye anarudi kumtafuta baba. Kaka alikuwa na miaka 15.

Busan ilikuwa makao makuu ya muda ya serikali, na wakimbizi walijenga vibanda vya mbao na makaratasi hadi juu ya milima. Waliopotezana waliagana kukutana kwenye daraja la Yeongdo, kwa kuwa ni jina ambalo hata mtu wa Kaskazini alikuwa amelisikia. Mama yake alikwenda darajani kila siku, mwaka mzima na zaidi.

Baada ya chakula akaingia chumbani akatoka na karatasi nene iliyokunjwa mara nne. Mwaka 1983 televisheni ya taifa, KBS, ilianza kipindi cha kutafuta ndugu waliopotezana. Kilipangiwa dakika 95, kikaendelea siku 138. Watu walimiminika Yeouido, makao ya KBS jijini Seoul, wakabandika matangazo yao ukutani, chini, kwenye miti, na familia zaidi ya 10,000 zilikutana. Halmoni alisimama pale siku 11 na karatasi hii kifuani. Ameandika kwa kalamu nene, kwa mkono wake: jina la kaka, kijiji, kovu la kuungua kwenye mkono wa kushoto. Hakuna aliyekuja.

Tunapoondoka akamwambia mjukuu wake: mkifika Imjingak, huko mpakani, mniandikie utepe.

Jumatatu, 7 Oktoba. Jeonju

Safari ndefu ya basi kuvuka milima. Njiani nilijaribu kusoma juu ya Yi Sun-sin, jemadari wa baharini aliyewazuia Wajapani walipovamia mwaka 1592. Huko Myeongnyang mwaka 1597 alikuwa na meli 13 dhidi ya zaidi ya 100, akashinda. Aliandika shajara katika miaka yote ya vita: hali ya hewa, ugonjwa wa mama yake, hasira zake, usiku asiopata usingizi. Maandishi yake ya mwisho ni ya siku mbili kabla ya kuuawa, Noryang, 1598.

Jeonju ni asili ya ukoo wa Yi, uliotawala Joseon, dola iliyoifuata Goryeo, kuanzia 1392. Watu huja kwa ajili ya bibimbap na nyumba za zamani. Tumekula, na kweli ni tamu. Mimi nilikuja kwa ajili ya ghala dogo lililoinuliwa kwa nguzo ndani ya ua wa Gyeonggijeon.

Wafalme wa Joseon walifuatwa na waandishi kila walikokwenda. Kila neno la barazani liliandikwa, na mfalme akifa ndipo kumbukumbu za utawala wake zilikusanywa. Mfalme aliyeko madarakani hakuruhusiwa kuzisoma. Mwaka 1404 Mfalme Taejong alianguka kutoka kwenye farasi akiwinda. Alipoinuka akageuka kulia na kushoto, akasema mwandishi asijue habari hii. Tunaijua kwa sababu mwandishi aliiandika, na agizo lenyewe akaliandika.

Nakala ziliwekwa katika miji minne. Wajapani walipoingia mwaka 1592, tatu ziliteketea. Ya nne ilikuwa hapa. Wasomi wawili wa mashambani, An Ui na Son Hong-rok, wazee tayari, walitumia mali yao wenyewe kuyabeba masanduku hadi mapango ya mlima Naejang, wakakaa nayo kwa zamu. Hawakuwa na cheo cha kuwalazimisha. Bila wao miaka 200 ya kwanza ya Joseon ingekuwa kama makaburi ya mawe ya Ganghwa. Baada ya vita zilichapwa nakala mpya zikafichwa milimani. Hiyo ya Jeonju ilipelekwa, nimefurahi mno kulijua hili, Ganghwa.

Jumanne, 8 Oktoba. Gwangju

Sikulala vizuri, na leo nitaandika kidogo.

Oktoba 1979 Rais Park Chung-hee aliuawa baada ya miaka 18 ya utawala. Ndiye aliyeijenga nchi ya viwanda, chuma na barabara kuu, na ndiye aliyewafunga wapinzani. Wakorea wazee hugombana mezani juu yake hadi leo. Jenerali Chun Doo-hwan akanyakua jeshi. Tarehe 18 Mei 1980 wanafunzi wa hapa waliandamana, na askari wa miamvuli wakawapiga kwa virungu na visu vya bunduki, kisha wakafyatua risasi. Wananchi waliwafukuza askari, wakaushika mji siku kadhaa. Mama lishe wa masoko ya Yangdong na Daein walifinyanga matonge ya wali wakawapa vijana bila malipo. Alfajiri ya tarehe 27 jeshi lilirudi na vifaru.

Jengo la zamani la serikali ya mkoa lilikuwa likikarabatiwa. Upande wa pili wa uwanja lipo jengo la Jeonil, ambalo sasa jina lake limeongezewa namba 245, hesabu ya alama za risasi zilizokutwa juu yake. Nyingine zinaonyesha risasi zilitoka juu, kwenye helikopta.

Nchi nzima haikujua. Magazeti yalikaguliwa kila mstari. Waandishi wa gazeti moja la hapa, Jeonnam Maeil, tarehe 20 Mei waliandika barua ya kujiuzulu: waliona kwa macho yao watu wakiburutwa kama mbwa na kufa, lakini gazeti halikuweza kuchapa hata mstari mmoja, kwa hiyo kwa aibu wanaweka kalamu chini. Dada alinisomea barua hiyo polepole, akinitafsiria, na sauti yake ikakatika. Nikamwambia apumzike. Nilimfikiria yule mwandishi wa Taejong.

Makaburini kijana mmoja alikuwa akifuta vumbi kwenye picha za marehemu, moja baada ya nyingine.

Jumatano, 9 Oktoba. Seoul

Siku ya Hangeul, yaani herufi za Kikorea. Hakuna nchi nyingine ninayoijua inayofunga ofisi kwa heshima ya herufi zake. Uwanja wa Gwanghwamun umejaa watoto wanaochora herufi kwa brashi kubwa, na Mfalme Sejong ameketi juu yao katika shaba, kitabu mkononi.

Sejong aliunda herufi 28 mwaka 1443 na kuzitangaza 1446. Katika dibaji yake alisema lugha ya nchi hii ni tofauti na ya China, kwa hiyo watu wa kawaida wanapotaka kusema jambo wengi wao hawawezi kulieleza. Anawahurumia, ametunga herufi hizi wajifunze kwa urahisi. Mfalme wa karne ya 15 anataja huruma kuwa sababu yake! Na ni kazi ya mtu aliyesikiliza kinywa kwa makini: ㄴ ni ulimi ukigusa ufizi wa juu, ㅁ ni mdomo uliofumbwa, ㅇ ni koo. Mimi nilijifunza kuzisoma kwa siku mbili. Wenyewe waliandika wakati ule kwamba mwenye akili atazimaliza kabla ya asubuhi kwisha, na mjinga kwa siku kumi.

Wasomi wake walipinga. Choe Man-ri alimwandikia mfalme mwaka 1444 kwamba kuacha herufi za Kichina ni kujishusha kuwa washenzi. Kwa karne nyingi Hangeul ilibaki kuandikiwa barua za wanawake, hadithi na nyimbo. Mwaka 1504 Mfalme Yeonsangun aliipiga marufuku, kwa kuwa watu walibandika ukutani makaratasi ya kumlaani, nayo yalikuwa yameandikwa kwa herufi hizo. Mfalme dhalimu alielewa mapema zaidi kuliko wasomi zinaweza kufanya nini. Hadi 1894 ndipo zilipoingia rasmi katika nyaraka za serikali.

Na zilipata miaka 16 tu. Mwaka 1910 Japani iliimeza nchi. Nyuma ya Sejong naliona lango la ikulu ya Gyeongbokgung, ambamo mwaka 1895 Wajapani walimuua Malkia Myeongseong, na mbele ya ukumbi wake wa kifalme wakajenga ofisi kuu ya gavana wao. Ilibomolewa kuanzia 1995. Mchana tulikwenda gereza la Seodaemun. Yu Gwan-sun, msichana wa maandamano ya uhuru ya Machi 1919, alifia humo mwaka 1920 akiwa na miaka 17. Nilitoka haraka, vyumba vile havitaki kuelezwa.

Miaka ya 1930 mwishoni Kikorea kilitolewa shuleni, na kuanzia 1940 watu wakasukumwa kuchukua majina ya Kijapani. Wakati huo Chama cha Lugha ya Kikorea kilikuwa kinakusanya maneno ya kamusi kutoka kila mkoa. Mwaka 1942 wanachama wake walikamatwa na miswada ikachukuliwa kama ushahidi. Wawili, Yi Yun-jae na Han Jing, walikufa katika gereza la Hamhung, mji wa halmoni. Kosa lao lilikuwa kamusi.

Tarehe 8 Septemba 1945, ukoloni umekwisha wiki chache tu, rundo la karatasi lilionekana ghalani katika stesheni ya Seoul. Ni ile miswada. Juzuu ya kwanza ilitoka siku ya Hangeul mwaka 1947. Jioni nimekwenda stesheni hiyo ya zamani, jengo la matofali mekundu, nikasimama nje. Nimefundisha kwa kamusi maisha yangu yote ya kazi, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuifia.

Alhamisi, 10 Oktoba. Imjingak, na kurudi Seoul

Jana, siku ya sikukuu ya herufi zao wote, jeshi la Kaskazini lilitangaza kwamba litakata kabisa barabara na reli zinazoelekea Kusini. Ndani ya treni ya Munsan abiria walikuwa wakisoma habari hiyo kwenye simu, kimya.

Imjingak iko kando ya mto Imjin. Kipo kichwa cha treni kilichoharibiwa njiani wakati wa vita, kina matundu ya risasi zaidi ya 1,000, na chuma chake kimeoza rangi ya kahawia. Ipo madhabahu ambako waliotoka Kaskazini huja kuinama kuelekea kwao siku za sikukuu. Zaidi ya hapo ni eneo lisilo na majeshi, upana wake kilomita nne, kutoka bahari hadi bahari. Mkataba wa Julai 1953 ulisitisha mapigano. Wa amani haujatiwa saini.

Nilimuuliza dada kama wao na wa kule bado wanaelewana. Akasema ndiyo, ila maneno yamehama. Neno dongmu lilikuwa la rafiki tu, watoto wakicheza. Kaskazini likawa la mwanachama mwenzako, kama neno letu "ndugu" la siku za Ujamaa. Basi Kusini watu wakaogopa kulitamka, likafa vinywani. Hata nchi ina majina mawili: kule Joseon, huku Hanguk. Mwaka 2005 wanaisimu wa pande zote mbili walianza pamoja kamusi moja ya Wakorea wote. Siasa ikiharibika, vikao husimama.

Uzio umefunikwa tepe za rangi hadi waya hauonekani. Dada alinunua utepe mweupe, akauandika juu ya goti lake: jina la mjomba wa mama yake, Hamhung, na chini yake, "Dada yako yupo Busan, mzima." Nikamshikia uzio, akafunga.

Saa mbili usiku tulikuwa Gwanghwamun tukila. Ghafla simu zikaanza kulia meza hadi meza, mtu mmoja akasimama, mwingine akaziba mdomo kwa mikono. Nobeli ya fasihi imekwenda kwa Han Kang, aliyezaliwa Gwangju mwaka 1970, ambaye ameandika juu ya Mei ile ya 1980. Ni mara ya kwanza kwa mwandishi wa Kikorea. Mzee wa meza ya jirani alilia waziwazi. Dada pia. Nilifikiria ile barua ya waandishi wa Jeonnam Maeil, ya mstari mmoja ambao haukuchapwa.

Kabla hatujalipa, halmoni akapiga simu. Habari ya Nobeli hakuwa ameisikia. Aliuliza kuhusu utepe: jina la ukoo umeliandikaje? Dada akamtajia: 이. Huku Kusini ndivyo ukoo huo unavyoandikwa, unatamkwa "I". Halmoni akanyamaza kidogo, kisha akasema kule wanaandika 리, "Ri", na kaka kama yupo ameandika hivyo miaka yote hii, ataona jina la mtu mwingine.

Dada ameangalia ratiba. Treni ya kwanza ya kesho kwenda Munsan ni alfajiri, na nimemwambia nitamsindikiza.